Gauni la Matroni

Gauni lilikuwa la matroni wa bweni. Lilikuwa la kitenge, kijani na manjano, mabega mapana, na lilinuka sabuni ya kipande na moshi wa jikoni. Mwalimu wa drama alikuwa akiliazima kila mwaka kabla ya msimu wa mashindano, kwa sababu shule yetu ilikuwa ya wavulana watupu na hakuna mchezo wa kuigiza wa shule za Kenya usio na mama. Mama wa kulia. Mama wa kufukuzwa na mume mlevi. Mama wa kuchota maji kilomita kumi halafu anaimba. Mwaka huo, nikiwa kidato cha pili kwenye shule moja ya bweni huko Makueni, mchezo wetu ulikuwa na mama wawili. Mmoja nilikuwa mimi.

Wa pili nitamwita Mumbua. Si jina lake, lakini jina lake pia ni la mvua. Ukambani mtoto akizaliwa mvua ikinyesha hupewa *mbua* kwenye jina: mvulana ni Wambua, msichana ni Mumbua au Syombua. Herufi chache tu za mbele ndizo hubadilika. Miaka mingi baadaye alipojichagulia jina, hakwenda mbali. Alihama kutoka upande mmoja wa mvua kwenda upande wa pili.

Hapa Kiswahili kinanisaidia sana, wacha niseme ukweli. Ningeandika kwa Kiingereza, tayari ningekuwa nimekwama kwenye sentensi ya tatu nikitafuta kiwakilishi. Sisi tuna "yeye" na mambo yanaisha. Kikamba pia hivyo hivyo. Kinachotukamata ni yale maneno ya kuitana, dada, kaka, mama, mzee, na huko ndiko nitakakofika baadaye.

Mwalimu alitufundisha kutembea. Alikuwa na msemo wake: mwanamke wa Kikamba hatembei na miguu, anatembea na mgongo. Mtungi uko nyuma, *mukwa* uko kwenye paji la uso, shingo inavuta, kiuno kinasukuma. Mimi niliipata haraka kwa kuongeza chumvi. Nilitikisa makalio ya matambara, nikapandisha sauti mpaka ikapasuka, nikabinua midomo. Darasa zima lilikufa kwa kicheko. Mumbua hakuongeza kitu. Alivaa, akafunga kitambaa kichwani, akatembea. Mwalimu akawa analalamika: "Wewe mbona huchekeshi? Weka weka vituko." Aliweka vituko viwili vitatu kumfurahisha, lakini vilionekana vimeshonewa juu juu. Vilidondoka kabla hatujafika Wote.

Wote ndiko mashindano ya kaunti yalifanyika. Nakumbuka mwamuzi, mama mmoja mwenye miwani, akiuliza kwa nusu mzaha kama tuliazima msichana kutoka shule jirani. Ukumbi ukacheka. Mwalimu akasimama kwa fahari akasema hapana madam, huyu ni kijana wetu. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimekaa kando yake na nikaona uso wake wakati wa yale makofi. Ulifunga kama duka.

Nyuma ya ukumbi nilivua langu kwa pupa kama mtu aliyeingiwa na siafu. Joto, jasho, matambara yanawasha. Kurudi kwenye shati na kaptura kulikuwa raha tupu. Nilijisikia nimerudi nyumbani, na hiyo ndiyo kauli nimetumia tangu zamani nikieleza ile hali. Mumbua alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, bado na gauni la matroni, mikono magotini.

"Vua basi, basi linaondoka."

"Ngoja kidogo."

"Kwani umechoka?"

"Ngoja tu kidogo, bro."

Basi zima lilingoja. Nilimwambia mwalimu anaumwa tumbo.

Muhula wa pili kulifanywa ukaguzi wa masanduku. Walikuwa wanatafuta simu na sigara. Kwenye sanduku la Mumbua walipata leso, kitambaa cha kichwa na lipstiki iliyokwisha nusu. Paredi ya Jumatatu naibu wa mwalimu mkuu alivishika juu mmoja mmoja, kama mtu anayenadi mali mnadani, kisha akamwita mbele. Swali alilouliza sijalisahau mpaka leo: "Drama iliisha mwezi wa tatu. Wewe unamwigizia nani?"

Mumbua hakujibu. Sijui angejibu nini. Alitumwa nyumbani wiki mbili, akarudi amenyolewa kipara, na muhula uliofuata babake akamhamishia shule nyingine, upande wa Kitui. Mimi nilikuwa na cheti cha mwigizaji bora. Mama alikitia fremu. Bado kiko ukutani nyumbani, juu ya runinga, na kwenye picha iliyobandikwa kando yake nimevaa gauni.

*

Nilianza kufikiria neno "kujifanya" nikiwa mtu mzima. Likae vizuri uone lilivyo: ku-ji-fanya, kujitengeneza. Lakini hakuna anayelitumia kwa maana hiyo. Ukiambiwa unajifanya, umeambiwa wewe ni mwongo. Na sheria ya Kenya inalijua neno hili vizuri. Mwaka 2019 mwanamke mmoja transjenda alikamatwa Eldoret kwa madai ya kujifanya, kana kwamba uanamke wake ulikuwa kitambulisho cha kughushi. Agosti 2025 Mahakama Kuu ya huko huko iliagiza alipwe shilingi milioni 1 kwa namna alivyotendewa akiwa kizuizini, ikiwemo kupekuliwa mwili. Yule naibu wetu hakusomea sheria, lakini aliuliza swali lile lile la mshtaka: unamwigizia nani?

Kesi ninayorudia kuisoma zaidi ni ya kwetu. Mahakama humwita R.M. Alizaliwa huntha, mwili wake haukukaa wazi upande wa kiume wala wa kike, akashtakiwa Kitui kwa wizi wa mabavu. Tatizo la kwanza halikuwa hata kesi. Lilikuwa alale wapi. Seli ya wanaume au ya wanawake? Mahakama ya Kitui ikaamua akae kituo cha polisi kesi ikiendelea. Alipohukumiwa akapelekwa Kamiti, jela ya wanaume, na huko upekuzi ukawa ni kuvuliwa nguo mbele ya watu waliotaka kuona. Desemba 2010 Mahakama Kuu ilisema huo ni unyama, ikampa shilingi 500,000. Lakini ombi la sheria kumtambua mtu kama yeye kama alivyo, ikalikataa. Miaka tisa baadaye, sensa ya 2019 ilikuwa na nafasi ya kuwahesabu watu huntha, wakapatikana 1,524 nchi nzima. Hatua, sawa. Ila ilibidi mtu mmoja wa Kitui avuliwe kwanza.

Huntha si transjenda, najua, na wanaharakati wa pande zote mbili wamechoka kuchanganywa. Huntha ni habari ya mwili ulivyozaliwa. Transjenda ni habari ya mtu kujijua kuwa mwanamke au mwanamume tofauti na alivyoandikwa siku ya kuzaliwa. Na dragi, ambayo ndiyo biashara yangu ingawa sikujua inaitwa hivyo, ni sanaa: unavaa jinsia kama vazi la jukwaani, unaikuza, unaichezea, watu wanalipa. Mambo matatu. Lakini mitaani yote yanapokelewa na jicho moja, lile linalotaka kujua nguo ikitoka kuna nini ndani.

Biashara yangu ililijua jicho hilo. Ililitegemea.

*

Mama Ndinda alizaliwa chuoni Nairobi, kwenye chumba cha kupanga Kahawa, kwa wigi la mia tano na leso ya mamangu. Mwanzoni zilikuwa klipu za dakika moja: Mama Ndinda anapigia mtoto simu kutoka kijijini, Mama Ndinda kwenye chama, Mama Ndinda anamkuta mpenzi wa mtoto amelala hadi saa tatu. Sikuwa nimebuni gurudumu. Flaqo alikuwa na Mama Otis wake, Shaniqwa alishazoeleka, na jirani zetu Tanzania walikuwa wamemcheka Joti akiwa bibi kizee kabla hata sijamaliza shule ya msingi. Afrika Mashariki haina shida na mwanamume mwenye leso. Nimealikwa na leso yangu kwenye harambee za kanisa. Mchungaji mmoja alinibariki nikiwa na matiti ya soksi.

Pesa ilikuwa kwenye uemsii. Harusi, *ntheo*, siku za kuzaliwa za wazee waliotimiza miaka themanini. Kwa shilingi 15,000 na usafiri, Mama Ndinda alikuja na kiondo chake, akazunguka meza, akatukana wakwe kwa heshima. Na mwisho kulikuwa na ile ninayoiita "sauti". Baada ya saa mbili za kubana koo, nilivua wigi na kusema kwa sauti yangu nzito kabisa: "Basi wazee, mimi naitwa hivi na hivi, mwana wa fulani, asanteni sana." Hapo ndipo kelele zilipanda. Wazee walinipa mkono. Nilikuwa nimewathibitishia kwamba yote yalikuwa mchezo na kila mtu yuko pale alipokuwa. Sasa naona kwamba kwa kweli ndicho walichokuwa wakilipia. Leso ilikuwa utangulizi.

Neno dragi nililipata wakati huo, kwa mpangaji mwenzangu aliyekuwa amelewa RuPaul's Drag Race. Tuliangalia usiku kucha kwa bando za usiku. Nilifurahi vile mtu hufurahi akigundua kijiji chake kiko kwenye ramani. Kumbe ni kazi! Kumbe kuna watu wana nyumba kwa sababu ya kazi hii! Na nikaona mjadala wao, ambao nilidhani ni wa Wamarekani peke yao. Mwaka 2017 Peppermint aliingia mashindano yale akiwa wazi kwamba yeye ni mwanamke transjenda, akamaliza wa pili. Mwaka uliofuata RuPaul mwenyewe alisema kwenye mahojiano kwamba pengine hangemkubali mshiriki aliyekwisha kubadilisha mwili wake, watu wakawaka, akaomba msamaha. Hoja yake ilikuwa kwamba makali ya dragi ni mwanamume kuicheza. Nilikubaliana naye kimoyomoyo. Niliona ina mantiki: kama wewe ni mwanamke kweli, basi unaigiza nini?

Niliona ina mantiki mpaka Kitui.

*

Ilikuwa Desemba, harusi kubwa kwenye uwanja wa hoteli, mahema mawili, muthokoi na mbuzi na keki ya orofa nne. Sikujua bibi harusi ni binamu yake Mumbua. Tulikuwa hatujaonana tangu kidato cha pili, ingawa tulikuwa tunafuatana mitandaoni kimya kimya, kupendana picha, kupongezana siku za kuzaliwa. Nilijua anaitwa Mumbua sasa. Nilijua anafanya kazi saluni upande wa Kalundu na kwamba wateja wake walimpenda. Sikujua kama walijua. Kumbe hawakujua, na hiyo ndiyo ilikuwa amani yake yote.

Nilimwona meza ya nyuma. Gauni la rangi ya zambarau, nywele za kusuka, miguu imekunjwa kando. Tulitazamana sekunde moja. Nikatabasamu ndani ya mekapu yangu, na nadhani alitabasamu.

Kisha mjomba mmoja, amelewa vya kutosha, akapaza sauti kutoka meza ya wazee: "Mama Ndinda! Mwenzako yule pale nyuma! Mpe maiki tumsikie sauti!"

Hema lilinyamaza kwa ile namna ya watu kugeuza shingo. Nilikuwa na maiki. Nilikuwa hatua nane kutoka kwake. Emsii mwenye akili angemrukia yule mjomba, angemtania kuhusu mguu wa mbuzi aliomaliza peke yake, na mambo yangepita. Nina vichekesho mia vya kuzima mlevi. Ila nilihisi shingo zile zikinigeukia mimi pia, wigi langu, soksi zangu, na nikaogopa. Niseme wazi, niliogopa wasije wakafikiri. Nikasema kwa sauti ya Mama Ndinda:

"Aaa, huyo si mwenzangu. Mimi hulipwa!"

Watu mia mbili na zaidi walicheka hadi bibi harusi. Mumbua naye alicheka kidogo, kama mtu anayelipa nauli. Alichukua mkoba wake, akamnong'onezea mwanamke aliyekaa naye, akaondoka kabla ya keki kukatwa. Na mimi niliendelea dakika arobaini zaidi. Na mwisho nikatoa "sauti". Na wazee wakanipa mkono.

Mtu alikuwa amerekodi. Klipu ilizunguka makundi ya WhatsApp ya Kitui mpaka ikafika saluni. Nilipoona nikaifuta kwenye ukurasa wangu, kazi bure, ilikuwa imeshapakuliwa. Mwenye saluni hakumfukuza, alimwambia tu apumzike kidogo mpaka maneno yatulie. Kila mtu aliyewahi kuambiwa apumzike kidogo anajua maana yake. Mwezi wa pili alikuwa Mombasa.

*

Usiku wa ile harusi nililala kwa nyanya yangu, upande wa Kisasi. Susu hulala mapema lakini akisikia mlango huamka kupasha chakula. Nilimweleza, sijui kwa nini. Labda kwa sababu kulikuwa giza.

Nilianza kwa kujitetea. Nilimkumbusha kuhusu yule ajuza wa boma la mtoni, tuliyezoea kupita kwake tukiwa wadogo kunywa uji. Yule alikuwa "mume". Kwetu mwanamke asiyejaaliwa mtoto wa kiume aliweza kulipa mahari na kuoa mwanamke, *iweto*, ili watoto wake walibebe jina la ile nyumba. Kulikuwa na mbuzi, wazee, kila kitu. Watoto wa iweto walikuwa wa nyumba ya yule ajuza kabisa, na walirithi. Nikasema, Susu, si sisi tumekuwa na mambo haya tangu zamani?

Hii hoja utaipata kila mahali siku hizi, na ninaielewa hamu yake: tunataka kuonyesha kwamba mababu walitutangulia. Lakini Susu hakuipenda. Akasema yule mama hakuwahi kuwa mwanamume. Hakuwahi kuvaa suruali, hakuketi na wazee wanaume akijiita mmoja wao. Alikuwa na kazi ya mume, ya kuitunza nyumba isife jina. Ilikuwa cheo. Na nadhani ana haki. Iweto haimsaidii Mumbua kwa njia ninayoitaka mimi. Inachoonyesha ni kitu kidogo zaidi: kwamba Wakamba waliweza kutazama mwanamke akiitwa mume bila hata mmoja kuomba maiki.

Kisha akauliza, akichochea moto: "Huyo mtoto leo, alikuwa anacheza kama wewe?"

"Hapana. Yeye ndivyo alivyo."

"Hakuwa anacheza?"

"Hapana, Susu."

"Sasa ulimchekea nini?"

Msifikirie ni nyanya wa kwenye filamu. Dakika mbili baadaye aliniambia mambo ya mtu kama huyo hayaelewi na hataki kuyaelewa, na kwamba mamake lazima analia. Lakini swali aliliacha pale mezani na muthokoi, na mpaka leo sijapata wa kumpa jibu.

*

Ilinichukua mwaka na nusu kumwandikia. Alijibu baada ya siku nne. Tukipatana, tupatane Makindu, alisema, kwa Wahindi.

Kama umewahi kupita barabara ya Mombasa unapajua. Hekalu la Masingasinga la Makindu liko pale tangu 1926, na msafiri yeyote, awe nani, anakula bure. Chapati, dengu, wali, chai ya maziwa. Hakuna anayekuuliza unakwenda wapi. Masharti ni mawili: unavua viatu, na unafunika kichwa. Mwanamume au mwanamke, bosi au utingo, lazima kitambaa. Wasio navyo wanawekewa vitambaa mlangoni.

Nilifika kwanza. Nilifunga changu kwa nyuma, na mikono ikataka kukifunga kama Mama Ndinda, fundo la kando. Nilikifungua nikakifunga upya. Yeye alikuja na mtandio wake mwenyewe, wa bluu, akauvuta tu mbele kichwani akapita.

Nilikuwa nimekuja na hotuba. Aliniacha niiseme yote, akikata chapati vipande vidogo vidogo. Nilipomaliza akatoa simu, akanionyesha ile klipu. Ameihifadhi.

"Ya nini?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nimependeza. Angalia hiyo gauni vile imekaa."

Alikuwa amependeza, kweli. Hakusema amenisamehe, na sikuuliza mara ya pili.

Tukaongea kazi. Akaniambia siku hizi naye anapanda jukwaani, mara mojamoja, kwenye sherehe za watu wanaojuana, milango imefungwa. Nikashangaa, nikakumbuka RuPaul, nikamuuliza kwa uangalifu kama mtu anayekanyaga sakafu yenye maji: sasa yeye akiwa mwanamke, huigiza nini?

"Naibu," akasema.

"Naibu gani?"

"Yule yule. Nina suti ya kijivu ya mtumba, kitambi cha mto, masharubu. Napanda na sanduku la bati. Navitoa vitu kimoja kimoja." Akashika kipande cha chapati juu, akakunja uso, na haki ya Mungu alikuwa yule mtu, hadi ile kope ya kushoto. "*Wewe unamwigizia nani?*"

Nilicheka mpaka chai ikaniingia puani. Mzee mmoja wa meza ya pili alitugeukia.

"Hiyo ndiyo dragi yangu," akasema, sasa kwa sauti yake. "Halafu usiniambie ati hii kazi ni ya wanaume. Mimi nilimcheza mvulana miaka kumi na nane. Bila mshahara. Bila mwalimu wa kuniambia niongeze vituko. Hakuna mtu anajua hiyo kazi kunishinda."

Nikamwambia kwamba nilidhani lile gauni la matroni ndilo lilimfundisha. Kwamba nimebeba wazo hilo miaka yote, eti drama ndiyo ilimfanya, kama walivyosema wazazi wengi shuleni baada ya lile sanduku. Akatikisa kichwa. Alijua tangu akiwa na miaka sita. Gauni halikumfundisha chochote. Lilimpa ruhusa tu, na muda. "Lakini usilidharau," akasema. "Lilikuwa mlango pekee kwenye ile shule yote. Nyinyi mlipita mkacheka mkatoka. Mimi nilitaka kuketi ndani kidogo."

"Kwenye ndoo."

"Kwenye ndoo." Akanitazama. "Asante kwa ile ya tumbo."

Sikujua aliisikia.

Akaniuliza kama bado namfanya Mama Ndinda. Bado, ndiyo kodi yangu ya nyumba. Nimebadilisha vitu. Simtanii mtu ambaye hakunilipa. Niliacha ile "sauti" pia, nikajaribu kumaliza nikiwa Mama Ndinda, niage tu na kiondo changu niondoke. Mara ya kwanza, Emali, watu walibaki wakingoja. Hawakucheka, walikuwa wakinitazama tu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii nilitembea hadi kwenye gari na leso nikiwa na hofu, nikihesabu hatua. Aliyenikodi alinilipa nusu, akasema haikuisha vizuri. Tangu hapo kuna siku naitoa na kuna siku siitoi. Inategemea kodi. Mumbua alisikiliza bila kusema neno, akanimalizia dengu.

Basi lake la Mombasa lilikuwa saa tisa. Mlangoni tulivaa viatu. Mimi nilirudisha kitambaa changu kwenye kikapu, yeye akawa anahangaika na kamba za sandali, mtandio umemteleza mabegani ukaanguka juu ya vile vya hekalu. Hatukuona. Tulikuwa tumefika getini tuliposikia mtu akiita nyuma. Alikuwa mzee wa pale mlangoni, kilemba cheupe, Kiswahili cha Ukambani kabisa, anakuja mbio mbio na mtandio wa bluu mkononi.

"Kijana! Kijana, ngoja! Dada yako amesahau hii."

Akampa. Mumbua akaupokea kwa mikono miwili.